Usiguse

Ndani ya boksi la umeme la ile mashine, juu ya nyaya, kulikuwa na kipande cha tepu nyeupe. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa maka peni, kwa herufi kubwa: USIGUSE. Hakusema kitu gani kisiguswe. Hakusema kwa nini. Hakuweka jina wala tarehe.

Niligusa.

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao la kutotolesha vifaranga, mali ya kikundi cha wanawake saba wa mtaani kwetu Bariadi, upande wa Somanda. Mama mkubwa wangu ndiye mweka hazina. Sanduku linabeba mayai 96. Lina hita, feni ya kusambaza joto, mota ya kugeuza trei, na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, ambayo kazi yake ni kulinda joto lisiende mbali na nyuzi 37 na nusu kwa siku 21. Fundi aliyelitengeneza alishahamia Mwanza. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo na shahada ya kompyuta, bila ajira, na mama mkubwa alitaka mashine imtumie ujumbe wa simu joto likishuka. “Ng'wanawane,” aliniambia, “si wewe ndiye uliyesomea hivi vitu?”

Kabla sijasema nilichokifanya, nieleze kinachotokea kompyuta inapowashwa, maana swali langu lote limejificha hapo.

Kompyuta haiamki kwa hatua moja, hata hiyo iliyo mfukoni mwako. Kwanza huamka programu fupi iitwayo butiloda. Huamsha kumbukumbu, huwasha vifaa vichache vya lazima, hutafuta mahali mfumo wenyewe ulipohifadhiwa, huupakia, huukabidhi mashine, kisha hutoweka. Kwenye vikompyuta kama cha mama mkubwa, butiloda inayotumika sana huitwa U-Boot, na mfumo unaopokea ni Linux. Linux nayo ina draiva, programu ambazo kila moja inajua lugha ya kifaa fulani: hii ya skrini, hii ya kadi ya mtandao, hii ya chipu inayowasha na kuzima hita.

Lakini chipu haijui kwamba utawala umebadilika. Ndani yake kuna rejista, visanduku vidogo vinavyoshika amri ya mwisho iliyotolewa. Butiloda ikiandika “hita iwake”, chipu itaendelea kuiwasha hita hata baada ya butiloda kutoweka. Kwa hiyo draiva inapofika zamu, haikuti ukurasa mtupu. Inakuta jiko linawaka, na aliyeliwasha hayupo.

Ifanye nini?

Jibu langu la kwanza lilikuwa jibu la mwanafunzi msafi. Draiva nzuri, niliamini, huanza kwa kufagia. Ile chipu ina mguu maalumu wa kuirudisha kwenye hali ya kiwandani. Ukiuamrisha, rejista zote zinasahau, kisha unapanga upya unavyotaka. Sababu yake si mbaya. Hujui aliyetangulia alifanya nini, basi usijenge juu ya usichokijua. Nikaandika draiva yangu hivyo. Nikaijaribu mezani mara kumi, na mara zote kumi ikafanya kazi. Ile tepu niliibandua ili nifikie chipu, nikaibandika pembeni.

Siku ya tisa ya mayai, usiku wa mwezi wa saba, umeme ulikatika dakika chache ukarudi. Kompyuta ikaanza kuwaka. Butiloda ikawasha hita na feni, kama yule fundi wa kwanza alivyoielekeza. Baada ya sekunde chache draiva yangu ikafika, ikafagia, na hita na feni vikazimika. Programu ya kusimamia joto ndiyo iliyotakiwa kuviwasha tena. Lakini programu hiyo niliipanga isubiri kwanza saa sahihi kutoka kwenye mtandao, na usiku ule mtandao haukuwepo. Ikasubiri mpaka alfajiri. Ujumbe wa simu haukutumwa, kwa sababu mtumaji ndiye aliyekuwa anasubiri.

Katika mayai 96 vilitoka vifaranga 41, tena kwa kuchelewa siku mbili. Mama mkubwa hakunigombeza. Alisema tu kwamba mara ya mwisho kabla sijaigusa vilitoka 78.

Nilidhani nimelijua kosa langu. Nilikuwa nimevunja nilichokikuta bila kuuliza nani anakitegemea. Basi nikageuka kabisa. Nikaufuta mstari wa kufagia, nikajiambia kama mtu aliyeongoka: heshimu ulichokikuta, kiache kama kilivyo.

Hapo ndipo nilipoua mayai yote.

Kuongea na chipu ya aina hii kunachukua muda, kwa hiyo draiva nyingi hutunza nakala ya rejista kwenye kumbukumbu yao wenyewe, kama daftari la pembeni. Ukiiambia draiva izime hita, inaangalia daftari kwanza. Kama daftari linasema hita imeshazimwa, haisumbuki kuiandikia chipu. Ni mbinu ya kawaida kabisa, imo hata kwenye Linux yenyewe. Daftari langu nililianzisha kwa hali ya kiwandani, yaani vyote vimezimwa. Nilipokuwa nafagia, daftari lilisema kweli. Nilipoacha kufagia bila kulibadilisha, likawa linasema uongo.

Mezani sikuuona uongo huo, kwa sababu kila jaribio nilianza na mashine baridi. Amri ya kwanza ilikuwa “washa”, na daftari likajirekebisha. Lakini siku ya kumi na tatu ya mayai mapya, mchana, umeme ulikatika dakika mbili tu. Joto halikushuka. Umeme uliporudi butiloda ikawasha hita, draiva ikaiacha kwa heshima zote, na amri ya kwanza ya programu ikawa “zima”. Draiva ikafungua daftari: imeshazimwa. Ikajibu kwamba kazi imekwisha. Hita ikaendelea kuwaka. Programu ikarudia amri, draiva ikarudia jibu, mchana kutwa. Ujumbe wa simu niliupanga kwa joto linaloshuka tu, maana hilo ndilo lililokuwa limeombwa na ndilo lililokuwa limeshatuumiza.

Mama mkubwa alirudi sokoni, akafungua mlango wa sanduku, na joto likampiga usoni kama mvuke wa sufuria. Kipimajoto cha ukutani mle ndani kilikuwa kwenye 43. Usiku ule tuliyamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Yai lililo hai siku ya kumi na tatu huonyesha mishipa myekundu na kivuli kinachocheza. Tuliyamulika yote 96. Hakuna kilichocheza.

Kikundi kilikaa kikao kesho yake, chini ya mwembe wa mwenyekiti. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kueleza rejista na daftari. Hakuna aliyeniuliza hayo. Mama mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliniuliza swali moja tu: “Ulimuuliza aliyeitengeneza?”

Sikumuuliza. Nilikuwa na namba yake kwenye simu ya mama mkubwa tangu siku ya kwanza, na haikunijia kamwe kwamba kazi ya chipu inahitaji kupiga simu.

Nikampigia palepale, kwa sauti ya wazi, wote wanasikia. Akaeleza bila kusita. Kompyuta ile inachukua kama dakika moja na nusu mpaka programu ya joto iwe tayari, na kwa jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika, aliona mayai yasingoje. Ndiyo maana akaiweka kazi ya kuwasha hita kwenye butiloda. Programu yake mwenyewe, kila ilipoanza, ilikuwa inaisoma chipu kwanza. “Si nilikuandikieni msiguse,” alisema. Nikamwambia: “Uliandika, lakini hukuandika kwa nini.” Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Sikujua kama atakuja mtu.”

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu kuliko hasara yenyewe. Hasara ilihesabika: mayai 96 kwa shilingi 500, ni 48,000. Wiki ile fundi alimtumia mama mkubwa 20,000 bila kuombwa na mtu. Mimi nikalipa 28,000 zilizobaki. Hakuna aliyetupangia mgawanyo huo, na sijui kama ni wa haki. Lakini najua kwa nini alituma. Aliacha jiko linawaka katika nyumba ambayo watu wengine wangeingia, na maelezo yake yalikuwa neno moja.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama jinsi jambo hili linavyoshughulikiwa na watu wenye uzoefu kuliko mimi, na nimegundua kwamba nao hawana jibu moja. Linux, inapomaliza kuwaka, huzima saa za ndani za chipu ambazo hakuna draiva iliyojitokeza kuzidai, na sekunde 30 hivi baadaye hufanya vivyo hivyo kwa njia za umeme zisizo na mwenyewe. Ni ubahiri wenye maana: kisichotumika kisile umeme. Lakini kuna wahandisi wengi walioona nembo ya kampuni iking'aa kwenye skrini, kisha skrini ikafa ghafla, kwa sababu saa iliyoilisha ilikuwa imewashwa na butiloda na draiva ya skrini ilikuwa bado haijafika kusema “hiyo ni yangu”. Mfumo ulidhani kisichodaiwa hakina mwenyewe. Baadaye ikatengenezwa njia ya mtoa huduma kungoja mpaka wote wanaomtegemea wawe wamefika ndipo azime kilichoachwa na butiloda. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona usiku wangu wa mwezi wa saba umeandikwa na watu wasionijua.

Au chukua skrini za kompyuta mpakato. Kwa miaka mingi, kila mfumo ulipopokea mashine, skrini ilizimika na kuwaka upya, kwa sababu draiva ilianza kwa kufagia. Fedora 30, iliyotoka mwaka 2019, ilifanya bidii kuliondoa hilo kwenye kompyuta nyingi: draiva husoma skrini imepangwaje, na kama mpangilio unafaa, inaendelea nao. Mtumiaji haoni makabidhiano.

Mifano hii inavuta upande mmoja, na itakuwa si haki nisiutetee upande wa pili, kwa sababu una nguvu.

Mwaka 2016 Linux iliongezewa msimbo kwa ajili ya kompyuta za Mac ambazo programu yao ya kuwashia huiacha kadi ya Wi-Fi ikiwa hai baada ya makabidhiano. Fikiria maana yake. Kadi iliambiwa na mwenye zamu wa kwanza: pakiti zikija kutoka hewani, ziandike mahali fulani kwenye kumbukumbu. Mwenye zamu akaondoka. Mfumo mpya ukaichukua kumbukumbu ileile kwa kazi nyingine. Kadi haikuambiwa. Inaendelea kupokea mawimbi ya majirani na kuyaandika juu ya kazi za mfumo mpya, ambao unaharibika bila kujua unaharibiwa na nani. Dawa yake ilikuwa kuifagia kadi hiyo mapema kabisa, kabla kitu kingine hakijaanza. Pale, kurithi kwa heshima ni kukubali sumu.

Na wakulima wa Simiyu hawahitaji mfano wa Mac. Kila mwisho wa msimu, mkulima wa pamba anatakiwa kung'oa masalia shambani na kuyachoma. Si kwa kuwa anaichukia miche ya mwaka huu, imemlipia ada. Ni kwa sababu wadudu hujificha kwenye mabua yaliyosimama na kuungoja msimu ujao. Anayeacha mabua kwa uvivu, au kwa kuyaonea huruma, anamharibia na jirani. Kuna urithi ambao njia pekee ya kuutendea haki ni moto.

Tena kufagia kuna uadilifu wake. Anayefagia anasema: kuanzia hapa, kila kilichopo nimekiweka mimi, na kikiharibika niulizeni mimi. Draiva inayofagia ni fupi, na mtu wa baadaye anaweza kuisoma akaielewa. Draiva inayorithi inabidi ijue tabia za butiloda zote duniani, zikiwemo ambazo hazijaandikwa. Kuna chipu ambazo rejista zake zinaandikika lakini hazisomeki. Huwezi kujua aliyetangulia aliweka nini hata ukitaka. Mbele ya chipu kama hiyo, anayedai kuheshimu alichokikuta anakisia tu.

Kwa hiyo sitasema kwamba kuhifadhi ni kwema na kufuta ni kubaya. Mayai yangu ya kwanza yaliharibiwa na kufuta. Ya pili yaliharibiwa na kuacha. Nikiyaweka makosa hayo mawili pamoja, naona yana mzizi mmoja: mara zote mbili sikusoma. Nilipofuta, sikuona haja ya kusoma kwa kuwa nilikuwa naanza upya. Nilipoacha, sikuona haja ya kusoma kwa kuwa nilikuwa sigusi. Kutogusa kulinipa hisia ya unyenyekevu, na kumbe daftari langu lilikuwa limejaa hali nilizozibuni mwenyewe. Heshima isiyosoma ni kiburi kilichovaa kanga.

Hili linanirudisha kwenye ardhi tunayoishi, ambayo imewahi kufagiwa zaidi ya mara moja.

Wasukuma wana kitu kiitwacho ngitili. Ni eneo ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili nyasi na miti viote, na kiangazi kikikaza ng'ombe wapate pa kula. Kwa mgeni, au kwenye ramani ya mpangaji, ngitili inaonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Ni rejista: inashika amri iliyotolewa miezi iliyopita kwa ajili ya miezi ijayo.

Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Usukumani ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Mbung'o hawakuwa hadithi. Waliua ng'ombe na watu. Baadaye, mwaka 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka uliofuata operesheni ikawahamisha watu wa Shinyanga, mkoa ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji kwa pamoja. Sina dharau kwa nia hiyo. Nimezaliwa kwenye zahanati. Lakini familia zilipohamishwa ziliacha ngitili nyuma, na ngitili isiyo na wa kuifunga si ngitili tena. Waliopanga walikuwa na daftari lao, na daftari lilianza na hali ya kiwandani: ardhi tupu, watu waliotawanyika, hakuna kilichowashwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa sababu mkoa ulikuwa umeanza kusemwa kuwa jangwa. Kilichonivutia ni kwamba mradi huo nao ulianza kwa kupanda kipya: vitalu vya miche, ikiwemo miti ya kigeni. Matokeo makubwa yalikuja ulipogeukia kile watu walichokuwa wanakijua tayari, yaani kufunga ngitili na kuacha miti ya asili ichipue kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini ya udongo. Hesabu zinazonukuliwa sana zinasema mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi za ngitili, na miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimevuka 300,000. Mtu alikuwa amekumbuka kuisoma rejista kabla ya kuiandika.

Najua kijiji si chipu. Chipu haiumii na haiwezi kukupigia kelele. Lakini nadhani maswali ni yaleyale, na nimeyapata kwa bei ya mayai 192.

La kwanza: nani anakitegemea kitu hiki sasa hivi, pamoja na wale ambao hawajafika kudai? Draiva ya skrini iliyochelewa kuamka, ng'ombe wa mwezi wa tisa, kifaranga wa siku ya tisa: wote wana haki ambayo hawawezi kuisema kwa wakati. Ukimya wao usichukuliwe kuwa ruhusa.

La pili: je, nimesoma, au nina daftari tu? Na kama kitu hakisomeki, je, yupo wa kuuliza? Pale ambapo hakuna kabisa njia ya kujua, kufuta ni halali, lakini ni halali kwa utaratibu: kwanza uwape mahitaji wanaotegemea, ndipo ufute.

La tatu: kati ya makosa mawili yanayowezekana, lipi linarekebishika? Hapa mayai yalinifundisha jambo ambalo kitabu hakikunifundisha. Yai husamehe baridi. Usiku mzima wa baridi ulinibakizia vifaranga 41. Joto kali halisamehe. Mchana mmoja haukunibakizia hata kimoja. Kwa hiyo “hita imezimwa” na “hita imewashwa” si hali mbili zenye uzito sawa, na anayepokea zamu bila kujua hilo hajapokea zamu.

Toleo la tatu la draiva yangu si la ajabu. Inapoanza haifagii, na wala haiamini. Inasoma rejista zote, inajaza daftari kwa ilichokisoma, inaacha hita ikiwaka kama butiloda ilivyoiacha, na inaanza kuhesabu. Programu ya joto ina dakika tano kujitokeza. Ikijitokeza, inakabidhiwa. Isipojitokeza, draiva inazima hita, inaacha feni, na inapiga king'ora, kwa sababu nimeamua kwamba kama lazima tukosee, tukosee upande wa baridi. Programu haingojei tena mtandao. Ujumbe wa simu unatumwa kwa joto linalopanda pia. Na kila siku ya kwanza ya mayai mapya tunachomoa umeme makusudi, mara moja mashine ikiwa baridi na mara moja ikiwa ya moto, tunatazama.

Ofisi za serikali zina utaratibu ambao vijana tunaucheka: makabidhiano. Anayeondoka na anayeingia wanakaa meza moja, wanaandika magari mangapi, funguo ngapi, madeni gani, kesi gani, wanasaini. Sicheki tena. Ile karatasi inakiri jambo ambalo yule fundi hakulikiri na mimi sikulikiri: kwamba kuna mtu atakuja baada yangu, na kwamba nimekuja baada ya mtu. Anayeacha hali bila maelezo anamwachia mwenzake mtego hata kama nia yake ilikuwa upendo. Anayepokea bila kuuliza anauingia mtego huo kwa miguu yake.

Bado kuna jambo sijalimaliza. Nani alikuwa na kosa kubwa zaidi? Fundi alifanya kazi nzuri akaificha. Mimi nilifanya kazi mbaya hadharani. Mama mkubwa anasema kosa ni la umeme. Mwenyekiti anasema ni la kutopiga simu. Nikiwa mkweli, shilingi 28,000 zilinitosha kama adhabu ya mayai, lakini si ya lile swali nililoulizwa chini ya mwembe, kwa sababu lile halikuwa swali la fedha.

Ile tepu ya USIGUSE bado ipo. Sikuitupa. Niliibandika tena mahali pake, na chini yake nikaweka nyingine ndefu zaidi: hita na feni huwashwa na butiloda umeme ukirudi, sababu ni dakika moja na nusu ya kungoja, soma chipu kabla ya kuamini daftari, namba ya fundi, namba yangu, tarehe. Mama mkubwa aliisoma kwa miwani yake, polepole, mpaka mwisho.

“Sijaelewa hata neno,” alisema. “Ila sasa najua wa kumpigia.”